Kopo Lililomlaza Gavana

Haya ninayowasimulia leo mke wangu hapendi niyaseme mbele ya wageni, na watoto wangu waliyasikia kwa watu wengine kabla hawajayasikia kwangu, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini niliacha kazi nzuri Mbale nikarudi nyumbani mikono mitupu, acha niseme tu nimalize: mimi ndiye niliyemlaza gavana wa jimbo kifudifudi kwenye nyasi, yeye pamoja na uwanja mzima wa watu, na nilimlaza kwa kopo la maziwa ya unga. Sikuwa mpiganaji, wala sikuwa na siasa yoyote. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na nilitaka mbio zianze vizuri, basi.

Ilikuwa zamani zile za utawala wa jeshi kule Uganda. Mimi ni Mbukusu wa upande wa Kenya, na siku hizo nilifanya kazi kwenye karakana moja katika eneo la viwanda la Mbale, nimepanga chumba mtaa wa Malukhu. Lugha yetu na ya Wagisu, wenyeji wa pale, ni karibu moja, kwa hiyo ukinyamaza kidogo na kuchagua maneno yako, watu wanadhani umeshuka tu kutoka mlimani. Na mimi nilinyamaza sana, maana mwaka ule redio ilikuwa inatutaja Wakenya kwa ubaya kila kukicha. Kitu nilichokificha zaidi ni Kiswahili changu, kwa sababu pale Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi: ukikizungumza vizuri, watu wa sokoni wanakuogopa wakidhani wewe ni askari, na askari nao wanakushuku wakidhani wewe ni Mkenya, sasa hapo uchague mwenyewe. Jirani yangu alichukuliwa na watu wa serikali asubuhi akiwa anapiga mswaki, akatiwa ndani ya buti ya gari, na mkewe aliendelea kumwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa kwa muda mrefu sana, hata sisi majirani tukawa tunapita pale tukiangalia chini.

Sasa, klabu ya riadha. Mimi sikuweza kukimbia (nikikimbia kutoka hapa mpaka pale mlangoni lazima nishike kiuno), lakini wakimbiaji wa klabu ya mtaani walikuwa wanapita mbele ya karakana yetu kila jioni, na katika mji ambao kila mtu alikuwa anatembea akigeuka nyuma, kuwaona watu wakikimbia kwa furaha yao, si kwa kufukuzwa, kulinipa raha ambayo siwezi kuieleza. Nikaanza kuwapelekea maji, kisha nikawa nawachorea mistari ya uwanja kwa majivu, na mwishowe Mwalimu Mukhwana, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi na ndiye aliyekuwa kocha wetu, akanifanya mtu wa kuanzisha mbio.

Msidhani ilikuwa klabu ya mchezo mchezo. Tulikuwa na Opolot, askari magereza, mtu mrefu wa kabila la Wateso mwenye mapafu kama mivukuto ya mhunzi, ambaye siku moja kule Tororo alimpita mwanajeshi mmoja karibu na utepe wa kumalizia, na uwanja ukanyamaza kimya, na Mwalimu akatuambia kwa sauti ya chini tupande gari sasa hivi, tukaondoka bila kusubiri zawadi, kombe lenyewe mpaka leo sijui nani alilichukua. Na tulikuwa na Cherop, msichana wa Kisebei aliyekuwa anafua mashuka ya hospitali, bingwa wa raundi mbili za uwanja. Alikuwa amewashinda wasichana wa Kampala wenye viatu vya misumari, yeye akiwa pekupeku. Hakuwa msemaji. Akishashinda alikuwa anauliza jambo moja tu, kwamba saa ya kupimia mbio imesema ngapi, kisha anafunga shuka lake kiunoni anakwenda zake.

Shida yetu ilikuwa mlio wa kuanzia. Zamani klabu ilikuwa na kibastola kidogo cha kuanzishia mbio, kisichoua hata nzi, lakini Mwalimu alikipeleka polisi kwa mkono wake mwenyewe mara tu alipoambiwa kuna watu wanaulizana nani ana silaha. Tukabaki na filimbi. Filimbi na yenyewe ilituaibisha, maana siku moja trafiki alipuliza yake barabarani na wakimbiaji wangu wote wakaondoka nikiwa bado nafunga kamba ya kiatu.

Ndipo nikajifanya mjuzi. Kwenye karakana tulikuwa na yale mawe ya kijivu ya kutengenezea gesi ya kuchomelea, kabaidi, na kila mtoto aliyekulia karibu na fundi anajua kwamba ukiweka kipande kidogo kwenye kopo lililotobolewa kitako, ukakitemea mate, ukabana kifuniko na kusogeza kiberiti kwenye tundu, kifuniko kinaruka na kopo linalia. Nikajaribu nyuma ya karakana. Lililia vizuri, kuku wa jirani wakaingia chini ya gari bovu, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka, kwa sababu pale kila mtu alikuwa anagonga chuma chake. Hilo ndilo lililonidanganya. Nilidhani ule ni mlio wa kawaida tu.

Tukaalikwa Jinja kushindana na klabu za huko. Tulikwenda nyuma ya lori la pamba, tukapita Busiu watu wakiwa bado wanapanga ndizi zao kando ya barabara, na kila kizuizi cha askari tulichofika tulishuka, tukapanga mstari, tukaulizwa, tukapanda. Kwenye kizuizi kimoja askari aliokota kopo langu, akafungua, akanusa, akakunja uso, akaniuliza hii nini. Nikamwambia mawe ya gesi ya fundi, afande. Akanirudishia kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Basi moyoni nikasema, kama jeshi limeliona na limelipitisha, nina kibali.

Tulipofika uwanjani tulikuta viti vya kawaida na turubai, na tuliambiwa mgeni atakuwa ofisa fulani wa mambo ya michezo. Mbio za kwanza zilianzishwa na watu wa Jinja kwa kushusha bendera, zikaenda salama, Opolot akashinda (hakukuwa na mwanajeshi ndani ya mbio, tuliuliza kwanza). Halafu tukasikia magari. Yaliingia mpaka ndani ya uwanja, juu ya mistari yenyewe, wakashuka walinzi wenye bunduki, na katikati yao gavana wa jimbo, mwanajeshi mnene aliyevaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Hakuna aliyekuwa amemtarajia. Bendi ya shule ikaanza kupiga bila kuambiwa, Mwalimu Mukhwana akaitwa kusimama kwenye mstari wa kusalimia, na nikaona shingo yake imelowa jasho kwenye kola.

Mbio zilizofuata zilikuwa za wasichana, raundi mbili, na zamu ya kuanzisha ilikuwa yetu. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu, na kopo lilikuwa mkononi. Nilijua kabisa lililo sawa ni kwenda kumwambia sajenti aliyewaongoza walinzi kwamba jamani, nitapiga kitu hapa, msishtuke. Nikaanza kwenda. Akageuza uso akaniangalia, miwani yake myeusi haina chochote ndani yake, nami nikawaza kwamba nikifungua mdomo atasikia Kiswahili cha Kenya, na nikaona miguu yangu imegeuka yenyewe, nikainama kama mtu aliyeangusha kitu kwenye nyasi, nikatafuta tafuta, nikarudi. Ndiyo hayo tu. Maneno machache ambayo sikuyasema.

Cherop alikuwa tayari kwenye mstari. Bendi ilikuwa inapiga kwa nguvu, akaniambia filimbi haisikiki, nipige ile ya nguvu. Nikatema mate kwenye kopo, nikabana kifuniko, nikawaambia wajipange, nikawasha.

Sijui kama ni ule uwazi wa uwanja, au nilitia kipande kikubwa kwa hamu ya kumfurahisha gavana, lakini lile kopo halikulia kama kule karakana. Lililia kama mwisho wa dunia. Moshi uliponitoka machoni niliona kitu ambacho sitakisahau: hakuna mtu aliyesimama. Watu wote walikuwa chini, wanawake juu ya watoto wao, wasichana wa Jinja wamelala hapo hapo kwenye mstari na mikono kichwani, ngoma kubwa ya bendi inajiviringisha peke yake kwenye nyasi. Kule chini ya turubai gavana alikuwa amelala kifudifudi na kiti chake kiko juu yake. Mlinzi mmoja akafyatua risasi hewani. Na katika uwanja mzima tuliobaki wima tulikuwa wawili tu, mimi, nimeshika kopo linalotoa moshi, na Cherop, ambaye alikuwa amesikia mlio wa kuanzia na alikuwa anakimbia.

Walinifikia kabla sijafikiri hata kulitupa. Kitako cha bunduki kilinipata mgongoni, nikapiga magoti, mmoja akachomoa mkanda wangu wa suruali wakanifunga nao viwiko kwa nyuma, kisha wakaninyanyua kunipeleka mbele ya turubai, na hapo ndipo aibu ya pili ilipokuja, maana suruali bila mkanda (nilikuwa nimekonda, vyakula vilikuwa vya shida) ilinidondoka mpaka kwenye vifundo vya miguu mbele ya watu wote. Nguo ya dukani ilikuwa haipatikani Mbale wakati ule, rafu zilikuwa tupu, na chupi niliyovaa mama yangu alinishonea nyumbani kwa mfuko wa unga. Maandishi mekundu ya mfuko alikuwa ameyaweka nyuma, akidhani hakuna atakayeyasoma.

Sajenti aliyasoma. Aliyasoma taratibu, kwa sauti, silabi moja moja. "Unga safi. Kenya."

Kisha akaniinamia. "Wewe Mukenya?"

Nikasema ndiyo, afande. Niliwaza juu ya buti ya gari. Niliona moja imefunguliwa pale pembeni, labda ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa ajili ya vinywaji vya gavana, lakini mimi niliipima kwa macho kama naingia.

Gavana alikuwa ameinuliwa, anapanguswa nyasi kifuani na msaidizi wake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliniuliza polepole, "Nani alituma wewe?"

Wakati huo huo Cherop alikuwa anamaliza raundi ya kwanza. Alipita nyuma yetu, nikasikia pumzi yake na nyayo zake, na mlinzi mmoja akamwelekezea bunduki akimfuata nayo kwenye kona yote. Akaendelea. Baadaye alinieleza kwamba aliona watu wamelala na aliniona mimi vile nilivyokuwa, lakini hakujua kama akisimama watampiga risasi kwa kusimama, kwa hiyo akaona afadhali aendelee na kile alichokuwa anafanya. Hata mimi nisingejua.

Mwalimu Mukhwana akaja kutoka kule kwenye mstari wa kusalimia, mikono juu, akapiga magoti kando yangu bila kuambiwa. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu. Akasema, "Afande, tafadhari, huyu ni mtu wa kurabu yetu, ile ni ya kuanzisha mbio." Opolot naye akaja, akapiga saluti, akajitaja kuwa askari magereza, akasema maneno yale yale. Gavana akawaangalia wote wawili, akaangalia kopo lililokuwa limelala kwenye nyasi, mlinzi mmoja amesimama mbali nalo na bunduki yake kana kwamba litakimbia.

"Kama ni ya mbio," akasema, "piga tena. Hapa. Ikikataa kulia kama ile, nyinyi watatu munaenda na gari yangu."

Wakanifungua mikono. Kipande cha kabaidi kilichobaki kilikuwa kwenye mfuko wa shati, nikakitia ndani ya kopo, nikalisogeza mdomoni nitemee mate, na ndugu zangu, mate hayakuwepo. Mdomo ulikuwa mkavu kama jivu la jiko. Nikakusanya ulimi, nikavuta mashavu, nikajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Sajenti akasema huyu muongo, wacha twende. Nikaomba maji, mtu akaleta jagi, lakini nilijua nikimimina yakizidi kidogo tu, kopo litachemka tu povu na hakuna kitakacholia, na tutakuwa tumejichimbia kaburi watatu kwa jagi la maji. Nikabaki nimeshika kopo huku na jagi huku, suruali miguuni, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Mwalimu alikuwa ameanza kusali kwa Kigisu, nilimsikia akitaja majina ya watoto wake.

Cherop alimaliza mbio zake. Alivuka mstari ambao hapakuwa na mtu wa kumpokea, akatembea mpaka kwetu, mikono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka, akapita katikati ya walinzi kama anapita katikati ya kamba za nguo hospitalini. Sajenti akamwambia simama. Akasimama. Akamwambia gavana, bila kuinua sauti, "Afande, mimi nilikimbia sababu ya hiyo kopo. Yeye iko sema ukweri." Kisha akanyoosha mkono akalichukua kopo kwangu, akatema ndani yake mate mazito ya mtu aliyemaliza raundi mbili, akanirudishia. "Piga," akaniambia.

Nikabana kifuniko. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikawaka.

Likalia kama lile la kwanza, pengine zaidi. Safari hii kila mtu alikuwa ameambiwa, kila mtu alikuwa anatazama, na bado nusu ya uwanja ililala chini, na mimi mwenyewe niliyelipiga nililala, uso kwenye nyasi na mfuko wa unga juu, Kenya ikisomeka mpaka ng'ambo ya uwanja. Gavana hakulala. Alikuwa amesimama, ameshika mkanda wake, anaangalia watu waliolala na yeye yuko wima, nadhani hiyo ndiyo picha aliyokuwa anaihitaji. Akaanza kucheka. Alipocheka walinzi wakacheka, kisha turubai, kisha uwanja wote, kile kicheko cha watu ambao wanaangaliana ili wajue wakati wa kuacha. Walikuwa wananicheka mimi, na ninawaapia, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Mukenya," akasema, "funga suruali yako. Siku ingine sema kwanza."

Kopo walilichukua. Halafu gavana akaketi, akaamuru mbio zirudiwe, kwa kuwa wengine walikuwa wamelala. Mwalimu akajaribu kusema kwamba msichana wetu amekwisha kukimbia, lakini akaishia katikati ya sentensi. Cherop akarudi kwenye mstari. Mtu wa Jinja akashusha bendera, maana mimi sikuwa na pumzi hata ya filimbi, na Cherop aliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha miguu ikamwishia, msichana mwingine mwenye nguvu zake zote akampita. Alikuwa wa pili. Gavana akampa mshindi mkono.

Tulirudi Mbale kwa lori lile lile, tukapita Iganga. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia matupu, suruali yangu nimeifunga kwa kipande cha kamba. Ndipo Cherop akauliza swali lake la siku zote, lakini aliuliza juu ya zile mbio za kwanza, kwamba saa ilisema ngapi. Mwalimu akaangalia saa yake ya kusimamisha kwa mkono, akasema kwamba wakati ule alikuwa amelala juu yake. Opolot akasema yeye hakuona chochote ila nyasi. Cherop akanigeukia mimi.

"Nilikuona raundi ya kwanza," nikamwambia. "Ulikuwa unakwenda vizuri sana."

"Nilijua," akasema. "Mwili ulikuwa mwepesi. Sijawahi kukimbia hivyo." Akafunika kichwa kwa shuka lake, na hatukujua kama amelala.

Kabla mwezi haujaisha nilivuka mpaka nikarudi nyumbani, kwa sababu kila gari lililopunguza mwendo mbele ya karakana lilinifanya niangushe nyundo. Klabu nilisikia iliendelea kwa filimbi.

Tangu hapo, sipigi hata msumari ukutani bila kumwambia jirani. Yule wa sasa ni kijana mdogo, amezaliwa juzi juzi, hunijibu kwa heshima, "Piga tu, mzee, ni nyumba yako." Nami nasimama pale dirishani na nyundo yangu, namwangalia usoni kidogo, namuuliza tena kama amesikia vizuri, na akishaitikia mara ya pili, ndipo napiga.